Wazazi wa Mzee Aliyezaliwa Ireland Hawaonekani: Hitilafu Iko Wapi?

Malalamiko huja kwa sura moja. Mtu amekesha na simu, ameandika Patrick Murphy kwenye kisanduku cha kutafutia, akaweka 1850, akaweka Ireland, na mtandao ukammwagia akina Patrick Murphy wa kujaza uwanja wa mpira. Asubuhi anauliza: sasa wangu ni yupi? Swali ni la haki, ila limeulizwa mapema mno.

Wanaoniuliza wengi ni ndugu zetu walioko Boston, Manchester au Melbourne. Wameoa au kuolewa huko, mtoto amerudi na kazi ya shule ya kuchora shajara ya ukoo, upande wa Tanga umejaa hadi bibi wa bibi, na upande wa pili umekwama kwa mzee mmoja aliyeshuka melini bila baba wala mama. Wengine wako Nairobi au Mombasa, na babu yao alifika enzi za mkoloni.

Nimepanga mambo kwa dalili, kama fundi anavyosikiliza injini kabla ya kufungua boneti. Anza na ile inayofanana na yako.

"Karatasi zote zinasema Ireland, basi"

Chanzo cha tatizo hili hakiko Ireland. Karani wa sensa wa London au Chicago alikuwa na nyumba chungu nzima za kupitia, na kwake mzaliwa wa Ireland alikuwa mzaliwa wa Ireland. Kaunti na parokia hazikumhusu. Ukiingia kwenye rejista za Ireland na neno hilo moja, ni sawa na kutumwa kumtafuta mtu ukaambiwa tu kwamba anakaa Tanzania. Kosa hili nimelifanya mwenyewe, kwa miezi. Dawa yake ni kumaliza kwanza karatasi za nchi alikofia, zote, ndipo uguse za alikozaliwa.

Karatasi hizo hazilingani kwa uzito. Uskoti ni neema: tangu usajili wa serikali ulipoanza 1855, cheti cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu, na mama anaandikwa kwa jina la ukoo wa kwao. Victoria, huko Australia, tangu 1853 walikuwa wakiuliza wazazi, mahali pa kuzaliwa, na hata miaka ambayo marehemu ameishi kwenye koloni. Uingereza ndiyo inayokatisha tamaa. Cheti cha kifo cha zamani hakitaji wazazi, na cha ndoa kinamtaja baba peke yake. Ikiwa mzee wako alikuwa Mkatoliki, usiishie kwenye cheti hicho. Tafuta rejista ya ndoa ya kanisa lenyewe, maana padri mara nyingi aliandika wazazi wote wawili.

Marekani inahitaji subira. Cheti cha kifo kina nafasi ya wazazi, lakini aliyejibu ni mtoto aliyezaliwa Brooklyn, hajawahi kumwona bibi yake, na siku ile alikuwa na msiba. Lichukue jibu lake kama fununu. Faili la uraia la kabla ya 27 Septemba 1906 kwa kawaida litakuambia tu kwamba ameukana utii kwa mfalme au malkia wa Uingereza. La baada ya hapo linauliza mji aliozaliwa. Kama aliishi hadi baada ya 1936 na akaomba namba ya hifadhi ya jamii, ile fomu iitwayo SS-5 ina jina la baba na jina la mama la kabla ya kuolewa, na mara nyingi aliijaza mwenyewe.

Kwa waliopita New York kuna hazina ninayoipenda kuliko zote. Emigrant Savings Bank ilianzishwa 1850 kwa ajili ya wahamiaji wa Ireland, na wateja wake wengi walikuwa hawajui kuandika. Benki itamtambuaje mtu akija kutoa pesa zake? Kwa kumuuliza maswali, kama benki zetu zinavyokuuliza jina la mama ukipoteza kadi. Basi makarani waliandika kitabuni: baba fulani, mama fulani, mke, watoto, ndugu yuko wapi, alizaliwa kijiji gani, alikuja na meli ipi. Vitabu hivyo vipo hadi leo. Boston nako, gazeti la Pilot lilichapisha matangazo ya watu waliopoteana na ndugu zao tangu 1831 hadi 1921, na tangazo moja huweza kutaja kaunti, parokia na majina ya ndugu wote kwa pumzi moja.

Mzee akikunyima, mfuate ndugu yake. Waairishi walihama kwa kuvutana, kama vijana wa kijiji kimoja wanavyojaa mtaa mmoja wa Dar es Salaam. Dada aliyefia Glasgow, shahidi wa ndoa, msimamizi wa ubatizo wa mtoto wa kwanza, jirani aliyezikwa kaburi la pili: mmoja wao ana karatasi yenye jina la kijiji, na wazazi wa dada ndio wazazi wa mzee wako.

Jina la mahali likipatikana, hakikisha si bandari. "Alitoka Queenstown" mara nyingi maana yake ni kwamba alipandia meli Queenstown, mji ambao leo unaitwa Cobh. Ni kama kusema babu ni mtu wa Kilindini kwa sababu alipakia mizigo yake pale.

"Wamefanana, nikamchukua anayekaribia"

Hapa hitilafu si karatasi, ni mtafutaji. Kisa kinachofaa kubandikwa ukutani ni cha Annie Moore, msichana wa Cork aliyekuwa mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, kituo cha wahamiaji cha New York, tarehe 1 Januari 1892. Alishuka kwenye meli Nevada na wadogo zake wawili, Anthony na Philip. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba Annie huyo alihamia Texas na kufia huko kwa kugongwa na tramu mwaka 1923. Familia ya Texas iliamini, ikaheshimiwa kama wageni rasmi, hotuba zikatolewa. Mwaka 2006 mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak akaonyesha kwamba Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois, Marekani humohumo. Annie wa Ellis Island hakwenda mbali kabisa: aliishi New York, upande wa chini wa Manhattan, akaolewa na mtu wa familia ya Schayer, akafariki 1924 na kuzikwa Queens.

Kilichowapoteza watu ni jina na umri unaokaribiana. Hivyo viwili havitoshi kwa Murphy, Kelly, Sullivan wala Walsh, majina yaliyojaa kisiwa kizima. Mimi simwandiki mtu kwenye shajara mpaka apate kitu cha tatu kisichotegemea jina lake: mahali, au kazi ya baba, au ndugu anayetajwa pande zote mbili za bahari. Ndugu ndiye bora. Patrick mwenye dada Honora na kaka Cornelius ni nadra. Patrick mtupu hana thamani.

Na usinakili shajara ya mtu mwingine kwa kuwa watu arobaini wameinakili. Arobaini hao walinakili kwa mmoja.

"Jina halipo kabisa"

Hii ndiyo dalili yenye sababu nyingi, na ndiyo ninayoifurahia.

Anza na jina la ukoo. O' na Mac vilidondoshwa na kurudishwa kwa miongo. Baba ni Sullivan, mtoto ni O'Sullivan, na karani wa tatu anaandika Sulivan. Kaunti nyingi watu walizungumza Kiairishi na karani akaandika kwa Kiingereza alichokisikia. Wakati mwingine jina lilitafsiriwa. Gabha ni mhunzi, kwa hiyo ukoo wa Mac Gabhann unaweza kuwa McGowan kwa waliofuata sauti na Smith kwa waliofuata maana, ndugu wa tumbo moja. Saor ni fundi, kwa hiyo Mac an tSaoir akawa McIntyre huku na Carpenter kule. Tafuta kwa alama ya nyota mwishoni mwa herufi nne za mwanzo, kisha rudia bila O' na bila Mac.

Halafu jina la kwanza. Sisi tunaojua kwamba Abubakari, Bakari na Beka ni mtu mmoja hatupaswi kushangaa. Bridget ni Biddy, Bridie, Delia, hata Bedelia. Honora ni Nora, Hanora, mara nyingine Hannah. Owen huandikwa Eugene. Jeremiah nyumbani ni Darby. Timothy ni Thady. Cornelius ni Con. Bibi aliyezikwa Marekani kama Delia hutamwona popote Ireland mpaka umtafute kama Bridget.

Kisha Kilatini. Rejista nyingi za Katoliki ziliandikwa kwa lugha hiyo, na hapo ndipo watu wanapofunga kompyuta. Tulia tuangalie mstari mmoja wa namna utakayoikuta:

Die 14 bapt. Joannem f. l. Jacobi Murphy et Brigidae Ryan. Sp. Gulielmus Ryan et Honora Kelly.

Soma polepole. Die 14, siku ya 14. Mwezi na mwaka viko juu ya ukurasa, pengine kurasa mbili nyuma. Bapt., nimembatiza. Joannem ni Joannes, yaani John. Herufi ya mwisho imebadilika kwa sababu ndiye anayetendewa. F. l. ni mtoto wa ndoa halali. Jacobi Murphy si mtu aitwaye Jacobi: ni "wa Jacobus", na Jacobus ni James. Kosa la kumwandika Jacob Murphy limezaa mababu hewa wengi. Brigidae Ryan, wa Bridget Ryan, na hapa kuna zawadi: mapadri wa Ireland walizoea kumwandika mama kwa ukoo wa kwao hata akiwa na watoto kumi. Sp. ni wasimamizi wa ubatizo. Gulielmus ni William, na kwa kuwa ni Ryan kama mama, huenda ni mjomba wa mtoto. Mstari mmoja umekupa baba, mama, ukoo wa mama na pengine kaka yake.

Picha za rejista hizi, zinazofika hadi karibu 1880, ziko bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ireland tangu 2015. Tovuti hiyo haikuruhusu kutafuta kwa jina. Unachagua parokia kwenye ramani na kufunua kurasa. Faharasa za majina ziko kwenye tovuti za nasaba za Findmypast na Ancestry. Lakini aliyetengeneza faharasa alisoma mwandiko uleule uliofifia unaokusumbua wewe, kwa hiyo jina likikosekana kwenye faharasa bado linaweza kuwa ukurasani.

Sababu ya mwisho ni nyepesi kiasi kwamba watu huipita: mtoto alisajiliwa serikalini kabla hajapewa jina. Cheti kina jinsia, wazazi na tarehe, lakini nafasi ya jina ni tupu. Tafuta kwa jina la ukoo, wilaya na mwaka, uache jina la kwanza.

"Umri hauelewani"

Usigombane naye. Mzee wa 1880 hakuhitaji tarehe yake ya kuzaliwa kwa lolote. Umri unaoishia na sifuri au tano ni wa kukadiria. Panua utafutaji miaka mitano huku na huku, kumi kama ni umri wa kwenye kaburi.

Kuna mruko mmoja una maelezo yake. Linganisha sensa ya 1901 na ya 1911: mtu anazeeka miaka kumi na tano ndani ya kumi. Katikati yake, Januari 1909, ilianza pensheni ya wazee kwa waliofikisha miaka 70, na walioomba walizaliwa kabla ya vyeti vya serikali. Umri uliotajwa 1901 ungemkosesha mtu shilingi zake.

Serikali ilitaka ushahidi, na hapo ndipo bahati yako ilipo. Maofisa walipekua sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo zilikuwa bado zipo, ili kuona kama mwombaji alikuwa mtoto nyumbani kwao. Ili wapekue walihitaji jina la baba, jina la mama na kijiji, na fomu hizo za kupekulia zimesalia, ziko bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ireland. Mzee wako aliyehama 1860 hayumo. Kaka yake aliyebaki na shamba anaweza kuwemo, na baba yao ni mmoja.

Kuhusu tarehe ya ubatizo kutangulia tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye cheti: si muujiza. Kuchelewa kusajili kulikuwa na gharama, kwa hiyo mzazi alisogeza tarehe mbele kidogo alipofika kwa msajili. Padri hakuwa na sababu ya kusogeza. Iamini ya padri.

"Si kila kitu kiliungua 1922?"

Hapana, na maneno haya yamewafanya watu wengi waache mapema. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka la Four Courts mjini Dublin lililipuka na kuungua. Zilipotea sensa za 1821 hadi 1851 isipokuwa vipande, wosia nyingi, na rejista nyingi za Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana, zilizokuwa zimehifadhiwa pale.

Moto husingiziwa mengine. Sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe miaka mingi kabla. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, karatasi ilipoadimika. Kwa hiyo sensa kamili za zamani kabisa ni za 1901 na 1911, na zote mbili ni bure.

Rejista za Katoliki hazikuwemo Four Courts; zilikuwa parokiani. Vyeti vya serikali navyo havikuwemo: kuzaliwa, kufa na ndoa zote tangu 1864, na ndoa zisizo za Kikatoliki tangu Aprili 1845. Vinapatikana bure irishgenealogy.ie kwa kuzaliwa kulikopita miaka 100, ndoa 75 na vifo 50. Kama mzee wako alizaliwa 1864 au baadaye, kilichoungua 1922 karibu hakikuhusu. Ikiwa ni Mwanglikana wa 1820, hapo pole, unayo haki ya kulalamika. Angalia pia mradi wa Virtual Record Treasury uliozinduliwa Juni 2022, unaokusanya nakala za vilivyopotea kutoka maktaba mbalimbali.

"Kijiji ninacho, rejista siioni"

Ireland imekatwakatwa mara nyingi juu ya ardhi ileile, na mikato hailingani. Kipande kidogo kabisa ni kitongoji, ambacho kwenye tovuti zao utakiona kama townland; viko zaidi ya 60,000, na majina yanajirudia. Juu yake kuna parokia ya kiserikali, kisha kaunti. Parokia ya Katoliki ni kitu kingine chenye mipaka na mara nyingi jina jingine. Na wilaya ya usajili wa vyeti ilifuata mipaka ya nyumba za maskini za karne ya 19, ambayo haikujali kaunti: wilaya ya Parsonstown, kwa mfano, ilichukua sehemu ya Offaly na sehemu ya Tipperary. Mtu unayemtafuta Tipperary anaweza kusajiliwa mji ulio kaunti ya jirani, na kompyuta itakuambia hayupo.

Kwa hiyo tengeneza kadi moja: kitongoji, parokia ya serikali, parokia ya Katoliki, wilaya ya usajili, kaunti. Ijaze kabla hujatafuta jina lolote. Kumbuka pia majina yaliyobadilika. King's County ya kwenye karatasi ya zamani ni Offaly ya leo, na Queen's County ni Laois. Kama ni mojawapo ya kaunti sita za Ireland Kaskazini, vyeti vya baada ya 1921 viko kwa msajili wa Belfast, kwa malipo.

Jambo moja zaidi. Mila ilikuwa kufunga ndoa parokia ya bibi harusi, na mtoto wa kwanza mara nyingi alibatizwa huko kwa akina mama. Ukiwapata watoto wa pili hadi wa saba kwenye rejista moja na wa kwanza hayupo, usiseme kurasa zimechanika. Nenda ukweni.

"Baba nimempata, mama hana jina"

Kawaida umeishia kwenye cheti cha ndoa. Kile cha Ireland kinataja baba wa bwana na baba wa bibi, kazi zao, na umri mara nyingi umeandikwa tu kwamba ni mtu mzima. Cheti cha kifo cha zamani nacho hakimtaji mzazi yeyote. Kinachomtaja mama, pamoja na ukoo wake, ni cheti cha kuzaliwa na ubatizo. Cha mzee wako hakipo? Tafuta cha mdogo wake aliyezaliwa baada ya 1864. Mzee wa 1858 ana mdogo wa 1866, na mama, kama hakufariki katikati, ni yuleyule.

Hiyo "kama hakufariki" ndiyo yenye mtego. Wajane walioa na kuolewa tena haraka, shamba halingojei matanga. Wasomaji wa Uganda wanamjua Mama Kevina, mtawa aliyefika huko 1903 na kuanzisha shirika la Little Sisters of St Francis. Alizaliwa 1875 karibu na Arklow, kaunti ya Wicklow, kwa jina la Teresa Kearney. Baba yake alikufa miezi mitatu kabla hajazaliwa. Mama akaolewa tena na kuzaa wengine watatu, naye akafariki Teresa akiwa na miaka kumi; mtoto akalelewa na bibi mzaa mama, kaunti ya Wexford. Sasa mfikirie mtafutaji asiyejua hayo: anatafuta Wexford badala ya Wicklow, anatafuta familia yenye baba aitwaye Kearney wakati nyumba ina jina la baba wa kambo, na bibi ana jina la tatu. Hakuna karatasi iliyokosewa hata moja. Wazazi "wasioonekana" wengi wako hivi.

Sensa ya 1911 inasaidia hapa kuliko inavyoonekana. Wanawake walioolewa waliulizwa wameolewa miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi hai, na wangapi wangali hai. Ndoa ya miaka 20 na mtoto mkubwa wa miaka 27 huenda ni ndoa ya pili ya mmoja wao.

Watu watakuambia pia kuhusu mpangilio wa majina: wa kwanza wa kiume babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wa kwanza wa kike bibi mzaa mama. Sisi tunaurithi na kuuelewa bila kufundishwa. Utumie kuchagua pa kuanzia, usiutumie kama ushahidi.

Na kama cheti kina mama bila baba, usiendelee kumsaka baba kwenye vyeti. Mtoto amezaliwa nje ya ndoa, na msajili hakuandika jina la mwanamume. Kwa waliopewa familia nyingine kwa kuasiliwa, sheria ya Ireland ya 2022 imewapa wahusika haki ya kupata taarifa zao za kuzaliwa. Hiyo ni njia ya kuomba rasmi, si ya kufunua kurasa.

"Rejista zimeanza baada ya yeye kuzaliwa"

Magharibi parokia nyingi hazina kitabu kabla ya miaka ya 1820, nyingine hata 1850, na njaa kuu iliyoanza 1845 ilikuta watu ambao hawakuandikwa popote. Hapo unahama kutoka kwa watoto kwenda kwa ardhi. Vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837 vinaorodhesha wakulima. Tathmini ya Griffith, yaani uthamini wa ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, inaorodhesha wenye kukalia kila nyumba na kila shamba. Hazitaji familia. Lakini kitongoji kikiwa na akina Patrick Murphy wawili, wathamini walihitaji kuwatofautisha, na mara nyingi waliongeza jina la baba kwenye mabano: Patrick Murphy (James). Hapo baba amejitokeza kwenye kitabu cha kodi. Hata rejista za leseni za mbwa, zilizoanza 1866, zitakuonyesha nani alikuwa kitongojini mwaka gani, mbwa wake na rangi yake.

Vinasaba (DNA) navyo vina nafasi, ila vije baada ya karatasi. Mpime aliye mkubwa kuliko wote kwenye ukoo, si mtoto wa shule aliyeanzisha maswali. Kila kizazi kinapoteza nusu. Kisha tafuta, kati ya wanaolingana naye, wenye kitongoji kilekile kwenye shajara zao.

Kama lengo lako ni pasipoti, huna haja ya sehemu hii. Bibi au babu aliyezaliwa Ireland anatosha kukuruhusu kuomba uraia kupitia rejista yao ya waliozaliwa nje. Wazazi wake hawaongezi kitu.

"Nadhani nimempata"

Sasa jaribu kumwua. Namaanisha: tafuta kwa nguvu zako zote ushahidi kwamba huyu mtoto si wako. Angalia kama hakufa akiwa na miaka miwili. Angalia kama 1901 hayuko bado palepale, ameoa, ana ng'ombe. Angalia kama wazazi haohao hawakumpa mtoto mwingine jina hilohilo baadaye, maana hiyo ni dalili kwamba wa kwanza alifariki.

Akipona yote hayo, rudi kwenye picha ya ubatizo uikuze, utazame pembeni mwa mstari. Tangu 1908 Kanisa Katoliki liliagiza ndoa ya mtu iandikwe kando ya ubatizo wake popote alipofungia, na kwa waliooa wakiwa wakubwa utakuta maneno machache yaliyobanwa kwa wino mwingine na mwandiko mwingine: jina la mke, tarehe, na parokia ya New York.